Nimemchora kwenye kiti cha mumewe, sasa nimekwama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mwanga hapa Kigoma. Riziki yangu naipata kwa kuandika mabango ya maduka na kuchora mitindo ya nywele kwenye kuta za saluni. Lakini kazi niliyoipa moyo wangu ni kuchora sura za wanawake, wanawake hawa hawa tunaopishana nao sokoni, na chini ya kila picha naandika jina la mwenyewe. Nimeshachora 11.

Jina nalishikilia kwa sababu. Nimekulia Ujiji, jirani na pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, wale wasafiri wa Kizungu. Tangu shule ya msingi tulikaririshwa kwamba wanaume hao wawili walikutana chini ya mwembe mwaka 1871. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba Livingstone alikuwa na mpishi pale, mwanamke aitwaye Halima, na Stanley mwenyewe amemtaja katika maandishi yake. Sura yake sijaiona popote. Tangu siku hiyo, kila nikishika brashi namkumbuka.

Sasa mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kuna mama mmoja anayeanika dagaa, nitamwita Mama wa Mwaloni. Nilimwomba nimchore, akakubali, ila akataka iwe siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, naye anapata kupumzika. Nilipofika kwake na silingibodi yangu ya kuchorea nilidhani atakaa mkekani. Akaniambia ngoja. Akaingia ndani, akatoka anakokota kiti cha mninga cha mumewe, kile chenye mikono, akakiweka uani akakikalia. "Miaka ishirini na sita nakifuta vumbi hiki," akasema. "Leo nichore nimekikalia."

Shangazi, nilichora siku tatu. Asubuhi ya kwanza alikuwa ametoka kugeuza dagaa wa mwisho, magamba yamemganda kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko, yanameta juani. Nilihangaika na nyeupe na kijivu mpaka nikayapata. Sijawahi kuchora mikono nikairidhia namna ile. Na kiti nilikichora kama kilivyo, pamoja na alama ya moto wa sigara kwenye mkono wa kulia. Hapo ndipo nilipokosea, maana ile alama ningeweza kuiacha.

Niliitundika barazani ikauke. Kijana wa bodaboda akaipiga picha kwa simu, ikazunguka WhatsApp hadi kwenye kijiwe cha kahawa anapokaa mumewe. Kumbe mzee alikitambua kiti kabla hajamtambua mke. Wenzake wakaanza kumwita "mzee aliyepinduliwa", na tangu hapo hajaenda kijiweni.

Alikuja kwangu na mkewe. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema, "Mwanangu, mimi simpigi mke wangu, wala simnyimi chakula. Mbona umenivua nguo mbele za watu?" Anataka niichore upya: yeye amekaa, mkewe amesimama nyuma yake na mkono begani, kama picha za studio za zamani. Rangi atalipa yeye. Nikamtazama mama. Akasema, "Fanya anavyotaka baba yako, yaishe."

Baada ya siku mbili nikamfuata Kibirizi. Alikuwa ameinama kwenye chanja anageuza dagaa. Nikamuuliza, mama, nibadilishe? Hakuinua kichwa. Akasema, "Rangi ikishakauka imekauka." Akaendelea kugeuza.

Mama yangu mzazi ananilaumu kwamba nimeleta ufeministi wa Wazungu kwenye ndoa ya watu. Maneno hayo yameniuma. Ni kweli nafuatilia wachoraji wa nje. Namfuatilia Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Namfuatilia Amy Sherald wa Marekani, yule aliyemchora Michelle Obama na kuipaka ngozi yake rangi ya kijivu. Wao wamenifunza kwamba namna mtu anavyokaa kwenye picha ni usemi wake. Lakini kile kiti hakikutoka Uingereza wala Marekani. Kilitoka ndani kwa Mama wa Mwaloni, akikikokota mwenyewe.

Kuna na jambo la mnunuzi. Mteja wa Dar es Salaam anatoa shilingi 600,000, anakuja mwisho wa mwezi, ila anataka iitwe tu "Mwanamke wa Kigoma". Nikifuta jina, pengine mzee atapoa na mimi nitalipa kodi ya miezi kadhaa. Lakini Halima ametuachia jina bila sura. Huyu nitakuwa nimempa sura nikamnyang'anya jina.

Nisaidie, Shangazi. Lipi ndilo neno lake, lile alilolisema mbele ya mumewe au lile la kwenye chanja? Mimi nikifunga mlango wangu nalala peke yangu. Yeye analala nyumba moja na hasira ya mzee. Je, niifute ile alama ya sigara tu, ili kiti kisiwe cha mtu? Au nimpe mama picha yake, mteja aende zake, waamue wenyewe wataitundika wapi? Moyo wangu hautaki kuigusa, lakini ninaogopa kwamba ushujaa wangu atakayeulipia ni yeye.

Kwa sasa nimeigeuza, imetazama ukuta. Nasubiri jibu lako kabla mteja hajafika.

Mchoraji,
Mwanga, Kigoma