Deksa si dawa ya kila kifua

Mhariri,

Baridi ya mwaka huu imeleta mafua na vikohozi karibu kila nyumba hapa Moshi. Kinachonitia hofu zaidi ni ninachokiona kwenye maduka ya dawa: mtu anakohoa tangu jana, anaomba "deksa" (deksamethasoni), anafungiwa vidonge kwenye kibahasha, hakuna cheti cha daktari wala swali.

Dawa yenyewe siilaumu. Juni 2020 utafiti wa RECOVERY huko Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, ilipunguza vifo vya Uviko-19 kwa karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa karibu humusi kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Tena ni dawa ya bei ya chini. Ila wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata nafuu yoyote, na takwimu zao zilielekea kwenye madhara. Habari hiyo haikufika kaunta.

Siku za mwanzo virusi vinazaliana, na kinga ya mwili ndiyo inayovikabili. Kwa wagonjwa wachache, mara nyingi kuelekea wiki ya pili, kinga hupitiliza: inaanza kuumiza mapafu yenyewe, vifuko vya hewa vinajaa majimaji, oksijeni ya damu inashuka. Hapo deksa, ambayo hutuliza kinga, ina kazi. Ukiimeza siku ya pili, umemfunga mikono mlinzi wakati mwizi bado yumo ndani. Zaidi ya hapo inapandisha sukari na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, nasi tunaokaa jirani na hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto tunaujua ugonjwa huo.

Hapa kwetu kuna na mlima Kilimanjaro. Waongoza wageni hubeba deksa kwa ajili ya ubongo unaovimba huko juu, na hayo ni matumizi halali. Lakini vidonge vikibaki, mtaani vinageuka dawa ya kifua. Afadhali tungeiga kifaa chao kingine, kile kipima oksijeni cha kidoleni ambacho hawapandi bila hicho. Kila zahanati na kila duka la dawa muhimu liwe nacho. Mgonjwa akae atulie, kidole kipate joto, rangi ya kucha ifutwe. Kikisoma chini ya asilimia 94, aende hospitali; chini ya 90 ni dharura, asingoje kesho. Oksijeni ikiwa nzuri, apumzike, anywe maji, apewe parasetamoli, na apimwe tena akianza kubanwa pumzi.

Wakaguzi wa Baraza la Famasi nao wakipita, waanze kwa kuuliza deksa iliyouzwa mwezi huu ilikuwa na vyeti vya nani.

Mfamasia,
Soweto, Moshi