Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Poni wa Exmoor

Ndugu wanachama,

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, poni wa Exmoor, farasi wadogo wa kusini-magharibi mwa Uingereza, walibaki kama 50 hivi. Wengine walikuwa wameibwa na kuchinjwa, wengine walipigwa risasi na askari waliofanya mazoezi nyikani. Poni wetu wa leo wametokana na hao wachache, ndiyo maana naanza na suala la madume. Wengi mnaomba dume lilelile lililoshinda maonyesho. Dume moja likipanda majike mengi, vizazi vichache tu vikipita kila jike litakuwa la damu yake. Linganisheni nasaba za pande zote mbili hadi kizazi cha tano, kisha chagueni dume lenye uzao mchache, mradi miguu na kwato zake ni imara.

Vigezo vya ukaguzi wa vuli ni vilevile. Jike lisizidi sentimita 127, dume 130. Doa jeupe halikubaliki popote. Ile rangi iliyopauka puani, kuzunguka macho na chini ya tumbo, kama aliyepakwa unga, lazima ionekane. Jicho liwe na ukingo mnene, tunaouita jicho la chura. Angalieni pia nywele fupi ngumu juu ya shina la mkia: ndizo zinazomwaga maji ya mvua yasiingie mapajani.

Wakati wa baridi, msiwaoshe kwa sabuni. Siku ya mvua chambua manyoya ya mgongoni kwa vidole: ya juu yamelowa na yanateleza kwa mafuta, lakini sufu ya chini ni kavu na ngozi ina joto. Sabuni huondoa mafuta hayo, na maji yakapenya hadi ndani.

Linalonisumbua zaidi ni unene. Poni huyu anaishi kwa majani magumu na vichaka vya miiba. Mkimweka kwenye malisho mabichi ya ng'ombe wa maziwa, sukari hupandisha insulini, na tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato huachia. Akisimama amelalia nyuma, kwato zina moto, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Msingoje hadi achechemee. Pitisha kiganja ubavuni: ukilazimika kukandamiza ndipo uhisi mbavu, amezidi. Poni wa kilo 300 anatoshwa na kilo 4.5 za majani makavu kwa siku. Yaloweke saa moja ili sukari ipungue, umwage maji, uongeze madini, kwani nayo hutoka na maji. Msimnyime chakula ghafla, hasa jike lenye mimba: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua.

Mwisho, sampuli za kuthibitisha wazazi. Ng'oeni nywele kama 30 za shingoni pamoja na mizizi yake, mziweke kwenye bahasha kavu, kila mtoto wa poni na bahasha yake. Zilizokatwa kwa mkasi tunazirudisha, maana vinasaba huchukuliwa kwenye mzizi.