Mgonjwa wa sonona aambiwe kuhusu wiki za kusubiri

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu aliacha kumeza dawa siku ya tisa. Bahasha niliikuta chini ya godoro, imeandikwa kwa kalamu "1x1 usiku", basi. Alipewa amitriptilini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), baada ya miezi mitatu ya kushindwa kuamka kukamua ng'ombe, yeye ambaye tangu utoto ndiye aliyetuamsha sisi wengine. "Dada, mdomo umekauka, nasinzia mchana kutwa, na moyo ni uleule," aliniambia. Akaamua kuwa dawa ni ya uongo.

Si ya uongo. Ila pale kwenye dirisha la dawa hakuna aliyemwambia kwamba ukavu wa mdomo na usingizi hutangulia, na nafuu huja baada ya wiki mbili, nne, pengine sita.

Seli za neva hupashana habari kwa kemikali, zikiwemo serotonini na noradrenalini. Dawa hii huzuia kemikali hizo zisifyonzwe haraka kurudi zilikotoka, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Sonona ingekuwa upungufu wa serotonini tu, mgonjwa angechangamka siku za mwanzo. Kuchelewa kule kunaonyesha kwamba ubongo una kazi nyingine ya taratibu. Watafiti wengi wanaona kuwa ni seli kurekebisha vipokezi vyake, yaani sehemu zinazopokea kemikali hizo, na kuotesha upya miunganiko iliyonyauka kwa msongo wa muda mrefu, ule unaoijaza damu homoni ya kortisoli. Anayeweka samadi kwenye mgomba hategemei mkungu wiki hiyo.

Mjomba wetu anasema kijana amepungukiwa imani. Namheshimu, lakini namwomba asome hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi, wakaanza kuchangamka wodini kuliko madaktari walivyotarajia. Kufikia 1957 ilikuwa ikitumika kutibu sonona, ingawa baadaye iliachwa kwa kuwa iliumiza ini. Dawa ya kifua iliinua mioyo! Hao hawakuwa wameongezewa imani. Sisemi kila kitu ni kemikali. Kufiwa, madeni na pombe vina sehemu yake, na kurithi pia. Lakini vyote hivyo hupita kwenye ubongo, nao ni kiungo kama ini au pafu.

Nimetaja kifua kikuu kwa makusudi. Sisi wa Kilimanjaro, wenye Kibong'oto yetu, hospitali ya kifua kikuu (TB), tunajua mgonjwa wa TB anavyoelekezwa tangu siku ya kwanza: ni miezi sita, usiache hata ukijisikia mzima. Anakumbushwa, anafuatiliwa, na ndugu yake anaelezwa. Wa sonona anapewa bahasha.

Naomba wafamasia na wauguzi wetu waandike mstari mmoja zaidi: "Nafuu ni baada ya wiki 2 hadi 6, usiache bila kumwona daktari." Na waseme kwa mdomo kwamba mawazo ya kujidhuru yakija, arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Mdogo wangu ameanza upya, safari hii tukihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Leo ni siku ya 17. Ng'ombe bado nakamua mimi, ila jana jioni aliniuliza kama ametoa maziwa ya kutosha.

Msomaji wako,
Moshi