Akina mama wa sambaza wana nyuso

Bwana Mhariri,

Picha ya ukurasa wa kwanza wa gazeti lako la juma lililopita iliandikwa chini yake kwamba ni akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakiwangoja wavuvi asubuhi. Ziwa Kivu lilionekana vizuri, na ng'ambo milima ya Rwanda pia. Akina mama wenyewe walikuwa weusi tii, vitenge havina rangi, vichwa havina macho. Mimi napiga picha za harusi hapa Bukavu na sambaza nanunua kwao. Wengi nawajua kwa sura. Katika picha ile sikumtambua hata mmoja, na jambo hilo limeniuma.

Huku kwetu jua la asubuhi hutokea upande wa Rwanda. Anayempiga mtu picha huku maji na milima ile viko nyuma ya mtu huyo, ameliweka jua nyuma ya mtu huyo pia. Kamera hupima mwanga wa eneo lote ikidhani wastani wake ni kijivu. Ikikutana na maji yanayometa inaona mwanga umezidi, inaubana, na uso ndio unaolipa. Ngozi nyeusi inaumia zaidi kwa sababu hurudisha mwanga mdogo. Zamani za filamu za rangi, maabara nyingi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak, kampuni ya filamu, yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi waliyoiita Shirley. Sensa za leo, yaani vihisi mwanga ndani ya kamera, zinaona mengi zaidi, kwa hiyo hatuna tena sababu ya kukubali nyuso zilizozama.

Sisemi kila picha ya namna hiyo ni mbaya. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na miti yake mirefu ya kushikilia wavu, ikirudi alfajiri, inapendeza ikiwa kivuli kitupu. Umbo lake linatosha. Lakini gazeti likituambia hawa ni watu fulani na hii ndiyo kazi yao, basi tuwaone.

Dawa iko kwenye kamera yenyewe. Kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kipandishe hatua moja ya mwanga, hata mbili. Anga litaungua kidogo, liache liungue. Au tumia kipimo cha nukta, kinachopima mwanga wa sehemu ndogo tu, na ukielekeze shavuni. Hapo kwa ngozi nyeusi mimi nashusha kidogo, kama theluthi mbili za hatua, maana kamera ikiachiwa itaugeuza uso huo kijivu. Flashi nayo husaidia, ila ukiwa karibu.

Kuna mama mmoja niliyempiga picha jua likiwa mgongoni kwake. Beseni lake lilikuwa limejaa sambaza wabichi, nikamwomba, «Mama, tafadhali, liinamishe kidogo kuelekea kwako.» Wale samaki wadogo wenye magamba ya fedha wakaupokea mwanga wa angani na kuurusha chini ya kidevu chake. Mikunjo ya macho ikaonekana, na jasho juu ya mdomo, na hata uzi uliochomoka kwenye kilemba. Sikuwasha taa yoyote. Kitambaa cheupe au ukuta uliopakwa chokaa ungefanya kazi hiyohiyo, lakini beseni lilikuwa lake.

Halafu kuna kuhariri. Ninawasihi wapiga picha wako watunze faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kuibana, wasitegemee JPEG iliyobanwa peke yake. JPEG hubeba ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 hubeba 16,384, na nyingi ya tofauti hiyo utaihitaji unapoinua giza. Programu ya darktable hailipiwi na inaifanya kazi hii vizuri. Inua vivuli taratibu, uangalie chembechembe zinazoota mashavuni, na ukiona mzingo mweupe kuzunguka kichwa, umepita kiasi, rudi nyuma. Kuutoa uso gizani si udanganyifu, kwa sababu uso ulikuwapo na aliyesimama pale aliuona. Kubandika anga la buluu juu ya anga la kiangazi lenye moshi, huo ndio uongo, na gazeti lisiufanye.

Jambo la mwisho linamhusu anayetayarisha kurasa. Karatasi ya gazeti hunywa wino, na wino ukisambaa sehemu nyeusi huzidi kuwa nyeusi. Uso unaoonekana sawasawa kwenye skrini utatoka umeingia giza kurasani. Kwa hiyo picha ya namna hii iangazwe zaidi kidogo kuliko jicho linavyotaka, ukurasa mmoja uchapwe kwanza, utazamwe dirishani mchana, ndipo mashine iachiliwe.

Mpiga picha wa harusi,
Nguba, Bukavu