RISALA YA WAKUFUNZI WA URUBANI KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUVISHWA MABAWA, MALINDI

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wakufunzi wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wahitimu mliotulia hapa mbele kwa adabu ambayo darasani sikuiona: assalaam alaykum, Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Karibu Malindi, mheshimiwa. Mji huu haukuanza jana kutoa marubani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipatia hapa rubani wa kumvusha hadi Kalikuti. Hawa wa leo wanavuka kwa juu.

Wenzangu wamenituma mimi, naibu mkufunzi mkuu, niisome risala hii. Watu huniuliza naibu hufanya nini mkuu akiwepo. Kazi yangu kubwa ni kuwa jicho la pili. Mkufunzi aliyemlea mwanafunzi tangu siku ya kwanza humpenda, na mapenzi yana upofu wake. Kwa hiyo kabla mwanafunzi hajaachiwa ndege aruke peke yake, huletwa kwangu.

Tukishapanda, huipunguza nguvu ya injini hadi chini kabisa, nikamuuliza: "Injini imekufa, unatua wapi?" Jibu silitafuti mdomoni mwake, nalitafuta mikononi. Kabla ya lolote aiweke ndege kwenye mwendo wake wa kuteleza, kisha achague pa kutua, na redio ije baadaye. Cessna 172 ikikosa injini haidondoki kama dafu. Kutoka futi 2,000 juu ya ardhi, hewa ikiwa shwari, huteleza karibu maili 3 za baharini, na rubani aliyetulia hupata nafasi ya kuchagua. Anayeivamia redio kwanza namwambia bado.

Wa pili huangushwa na upepo. Asubuhi hewa imelala na kila mtu ni bingwa. Mrudishe alasiri ya kusi, upepo ukimpiga ubavuni anapokaribia kutua, ndipo utajua amefunzwa au amekariri. Huyo naye, bado. Wenzetu wa uwanja wa Wilson, Nairobi, walio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hututania kwamba huku chini tunafunza mteremko. Nakubali hewa yao nyepesi huilazimu ndege kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Lakini chumvi hawaijui. Sisi ndege tunaziosha kwa maji baridi, tunakagua kila bawaba, na bado kutu hutushinda mbio.

Raha ya kazi hii ni siku mwanafunzi anapoelekea uwanja wa Manda bila mkufunzi, bahari ikiwa kulia kwake. Anayapita maji mekundu ya Sabaki yakimwagika baharini, anaipita Ngomeni, palipo na majukwaa ya Waitaliano yaliyorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, anautafuta mdomo wa Tana pale Kipini, kisha visiwa vya Lamu vinajitokeza. Mimi nabaki chini nikitazama saa, chai ikipoa.

Mheshimiwa, sasa niseme lililotuleta kwako. Kwa leseni ya urubani binafsi, kanuni zinataka saa zisizopungua 40 angani. Hicho ni kiwango cha chini, na wengi huhitaji zaidi. Mzazi aliyeuza shamba la minazi amepiga hesabu ya hizo 40 basi. Nikisema bado, yeye anasikia bei ya mafuta ya ndege. Simlaumu. Ila baada ya hapo simu huanza kulia: mtu mkubwa anaomba kijana fulani "asaidiwe". Msaada wa namna hiyo hatuna. Kijana huyo atabeba abiria, na pengine abiria mwenyewe ni huyo aliyepiga simu.

Ombi letu la kwanza, basi, ofisi yako itusaidie kuanzisha basari ya saa za ziada kwa watoto wa Malindi, Lamu na Tana River wasio na uwezo, ili mwanafunzi akiambiwa arudie, arudie kweli, asikimbilie mtihani kwa sababu fedha zimekwisha. La pili halina gharama: utusemee kwa wakubwa wenzako simu hizo zikome. Na ndege zetu hulala nje; banda la kuziweka mbali na upepo wa bahari tungelipokea kwa mikono miwili.

Wahitimu hawa, mheshimiwa, hakuna ambaye sikumwambia bado. Yuko aliyeninunia hata salamu akawa haitikii. Leo ndiye aliyenipigia pasi hii sare. Tunakuomba uwavishe mabawa yao.

Naomba kuwasilisha.