Salamu za Pasaka kwa mnaodhihakiwa kwa ajili ya imani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Heri ya Pasaka kwenu nyote, mlioamkia ibada ya alfajiri na mliobaki kitandani mkiugua.

Mwaka huu nawasalimu hasa ninyi mnaoumizwa na maneno ya watu. Msimu huu ukifika, hayakosekani: ufufuo ni hadithi tu, Wakristo wana miungu watatu, Yesu alifanywa Mungu kwa kura katika mkutano wa maaskofu kule Nikea mwaka 325. Inauma kusikia unachokipenda kikipotoshwa. Wengine mmejibu kwa ukali, wengine mmenyamaza huku moyo unachemka.

Hakuna Pasaka iliyopita bila kupingwa, hata ile ya kwanza. Wanawake walipotoka kaburini, mitume wenyewe waliona habari zao ni upuuzi, na Luka hakulificha hilo. Mathayo naye anasimulia jinsi askari walinzi walivyopewa fedha nyingi ili waseme kwamba wanafunzi walikuja usiku wakauiba mwili. Mitume hawakuwafuata wale askari kugombana nao. Walisimama Yerusalemu, mji uleule alimosulubiwa Bwana, wakasema waliyoyaona na kuyasikia.

Hilo la Nikea lina jibu, tena halihitaji kupaza sauti. Mnamo mwaka 112 hivi Pliny, gavana wa Kirumi ambaye hakuwa Mkristo, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea. Mweleze hivyo anayeuliza, kisha mwache apime mwenyewe.

Dhihaka nayo ni ya zamani. Kwenye kilima cha Palatino, Roma, kuna mchoro uliokwaruzwa ukutani: mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na chini yake kijana ameinua mkono. Pembeni yameandikwa kwa Kigiriki, "Alexamenos anamwabudu mungu wake." Katika chumba cha jirani mkono mwingine uliandika kwa Kilatini: Alexamenos mwaminifu. Mimi hilo hunitia nguvu sana.

Ila wakitusema kwa dhambi tulizotenda kweli, kwa ubaguzi, kwa fedha za sadaka zilizoliwa, kwa wanyonge tuliowafumbia macho, tusijitetee kwa kisingizio cha imani. Hapo ni kutubu.

Tukumbuke pia ni nani aliyetufundisha namna ya kujibu. Ni Petro, yuleyule aliyechomoa upanga bustanini akamkata Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, sikio akidhani anamtetea Bwana. Yesu alimwamuru aurudishe alani, akaliponya lile sikio. Miaka baadaye Petro anatuandikia tuwe tayari siku zote kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu." Anayesema hivyo alishaonja ukali wake mwenyewe.

Kwa hiyo Pasaka hii, yule ndugu au jirani anayewasumbua kwa maswali msimkwepe. Mkaribisheni mle pamoja, msikilizeni hadi amalize, na usiku mtajeni kwa jina katika sala. Swali likiwashinda, mwambieni mtalifuatilia, halafu mlifuatilie kweli.

Kristo amefufuka! Amani yake ikae nyumbani mwenu. Pasaka njema.