Kujifukiza tulijifukiza, majibu yako wapi?

Mhariri,

Mei 2020 ndege yetu ilikwenda Madagaska kuchukua dawa ya pakanga dhidi ya korona. Nyumbani nako tulijifunika mablanketi juu ya sufuria ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, machozi yakitutoka. Pua zilizibuka, sikatai. Lakini kuzibua pua si kuua kirusi. Hilo hupimwa kwa wagonjwa, wengine wapewe dawa, wengine wasipewe, kisha walinganishwe.

NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nao walitutengenezea NIMRCAF, dawa ya mitishamba. Gazeti lako liwaulize: wagonjwa walipimwa hivyo, na matokeo yanasemaje? Bibi yangu hahitaji majibu hayo, yeye ameshaamini. Mimi ninayemchemshia mwanangu majani kila akishikwa na mafua ndiye ninayeyahitaji.

Mama wa watoto watatu,
Tanga